Jana mwenzao, leo bosi wao: mwongozo wa miezi mitatu ya kwanza kwa msimamizi mpya

Barua ya kupandishwa cheo hutoka Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi mtu anatakiwa awe kiongozi. Katikati hapo hakuna mafunzo. Kilichomfanya aonekane ni kazi ya mikono yake mwenyewe: karani ambaye daftari lake halikuwahi kupishana na mzigo, dereva asiyerudisha gari na mkwaruzo, muuguzi ambaye wodi ikielemewa ndiye anayeitwa. Sasa anakabidhiwa watu tisa ambao wiki iliyopita alikula nao chipsi mayai, na anaambiwa kwamba wakiharibu wao, ameharibu yeye.

Wasimamizi wapya wengi hawaangushwi na kutojua kazi. Wanaangushwa na muhali. Jambo dogo linaonekana wiki ya kwanza, wanaona vibaya kulisema kwa sababu aliyelifanya ni rafiki, au ni mtu mzima, au ana undugu na mkurugenzi. Wanalinyamazia, wenzake wanaona limenyamaziwa, na wao wanaanza kulifanya. Mwezi wa sita linatoka kwa kelele mbele ya watu wote, na hapo hata ukiwa na haki umeshaonekana mkali. Kwa hiyo karibu kila hatua humu ni namna ya kusema jambo mapema, likiwa bado dogo.

Ili tusiongee hewani, nitatumia idara moja mpaka mwisho: usambazaji wa vinywaji Dar es Salaam. Kuna karani wa stoo mwenye umri wa kukuzaa, madereva wawili, utingo wawili, vijana watatu wa kupakia mzigo, na dada wa invoisi. Ukiwa hospitali, shuleni, hotelini au benki, badilisha vyeo tu. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Kenya wana yao ya 2007, kwa hiyo walioko huko wasinakili tarakimu zangu bila kuangalia za kwao.

Hatua ya 1: Kabla hujakaa kwenye kiti, jua kalamu yako inafika wapi

Muombe aliyekupandisha nusu saa. Usiende kushukuru tu. Nenda na maswali, na majibu yake uyaandike hapo hapo:

- Naweza kuidhinisha ruhusa ya siku moja bila kukuuliza? Likizo je?
- Saa za ziada nani anasaini, na bajeti yake ni kiasi gani kwa mwezi?
- Mtu akikosea, nina mamlaka ya kumpa onyo la maandishi, au natoa la mdomo na kuripoti?
- Nikipishana na idara ya mauzo au uhasibu, namaliza mwenyewe au naleta kwako?
- Mwisho wa mwezi wa tatu utatazama nini ili useme nafanya vizuri?

Swali la mwisho ndilo wengi hawaulizi, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Bosi mmoja atakuambia "mizigo itoke kabla ya saa mbili asubuhi", mwingine atasema "sitaki kusikia upungufu wa stoo". Hizo ni kazi mbili tofauti. Ukiharakisha mizigo kwa bosi anayetaka hesabu sahihi, utafanya kazi kwa jasho na bado utalaumiwa.

Jioni hiyo andika barua pepe fupi au ujumbe: "Kama tulivyoongea leo, nimeelewa kwamba..." kisha orodhesha. Huo si ujanja wa kumbana bosi. Unazuia yale ya mwezi ujao, pale kila mtu anapokumbuka mazungumzo kwa namna yake.

Halafu soma makaratasi: maelezo ya kazi ya kila mtu aliye chini yako, kanuni za kazi za kampuni, na kama kuna chama cha wafanyakazi, TUICO kwa mfano, tafuta mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Inashangaza ni wasimamizi wangapi wanagombana na utingo kuhusu posho ya safari ambayo imeandikwa wazi kwenye mkataba ambao hawajawahi kuufungua.

Hatua ya 2: Kikao cha kwanza, dakika kumi, mkiwa mmesimama

Usiandae hotuba. Wenzako wanakujua, ukianza kuongea kama mgeni rasmi watacheka ukitoka. Ungoje wote wawepo, wasalimu kama siku zote, kisha sema mambo machache ya kweli. Kwa mfano:

"Mmesikia nimepewa usimamizi wa idara. Wengine hapa mmenikuta, wengine nimewakuta, na mzee ndiye aliyenifundisha kusoma kadi ya stoo. Wiki hizi mbili sibadilishi kitu. Nitakaa na kila mmoja peke yake nisikie kazi inakwama wapi. Baada ya hapo tutakaa wote tena niwaambie nimesikia nini na tunaanza na lipi. Ratiba ya kesho ni ile ile."

Basi. Kuna sentensi mbili usizitamke siku hiyo hata ukiombwa. Ya kwanza ni "mishahara nitaipigania." Huna uwezo huo bado, na ahadi ya mshahara haisahauliki. Ya pili ni "mimi ni yule yule, msiniogope." Inatoka kwa nia njema, lakini wanajua si kweli, kwa sababu wewe ndiye utakayesaini ruhusa zao. Ukiisema, mtu wa kwanza utakayemkatalia ruhusa atakurudishia neno hilo mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Kaa na mmoja mmoja, na uanze na aliyeitaka nafasi yako

Wiki mbili zinatosha kuwamaliza watu tisa, dakika thelathini kila mmoja. Usiwaite ofisini ukakaa nyuma ya meza. Dereva muongeleshe garini mkisubiri kupakia, au nenda naye njia moja ya Mbagala au Tegeta uone foleni na maduka anayoyashushia. Utajifunza mengi humo kuliko kwenye ripoti.

Maswali manne yanatosha. Kazi yako inakwama wapi? Nini tunafanya hapa ambacho hakina maana? Ungekuwa mimi ungeanza na lipi? Unataka kufika wapi? Kisha nyamaza. Watu wetu wengi hawatoi la moyoni kwenye dakika ya tano. Wanaanza na "hamna shida bosi, mambo yanaenda," na jambo lenyewe linakuja wakati umeshafunga daftari na unasimama. Usiondoke haraka.

Sasa yule aliyekuwa na uhakika kwamba nafasi ni yake. Karibu kila idara anaye, na wasimamizi wapya wengi humwacha wa mwisho kwa kuona aibu. Muweke wa kwanza. Tuseme ni dereva mwandamizi, na mnaitana kaka. Usimwombe radhi kwa kuchaguliwa, wala usijifanye hujui.

"Kaka, najua nafasi hii uliiomba. Nisingependa tujifanye hatulijui."

"Aa, hayo yameshapita. Mungu ndiye anayepanga."

"Sawa. Lakini mimi kazi yangu bila wewe haiendi, hasa njia za Kigamboni. Nataka kujua mambo mawili: kitu gani ungependa uwe unakisimamia mwenyewe, na kitu gani nikifanya utaona nimekudharau?"

Swali la pili linafungua mlango. Pengine atasema hataki kupangiwa njia na mtu asiyezijua. Vizuri: mpe upangaji wa njia, kwa kweli, na uwatangazie wenzake. Pengine atabaki na kinyongo. Hapo nawe una haki ya kumwambia unachotegemea: "Ukiwa na neno juu yangu, niambie mimi kabla ya kijiwe." Mkubaliane hivyo ana kwa ana. Akivunja, utakuwa na pa kurejea.

Ukimaliza wote, rudi kwenye kikao kama ulivyoahidi. Wasomee uliyoyasikia bila kutaja nani kasema nini, na chagua jambo moja linaloweza kutengenezwa ndani ya wiki. Mara nyingi ni dogo la kuchekesha: toroli lenye gurudumu bovu, taa ya ghala, funguo zinazoshikwa na mtu anayekuja saa tatu. Litengeneze. Imani yao ya kwanza kwako itatoka hapo.

Hatua ya 4: Mtu mzima aliye chini yako

Hili halimo kwenye vitabu vya uongozi vilivyoandikwa ughaibuni, na kwetu ndilo linalowatoa watu jasho. Una miaka 29, karani wa stoo ana 56. Unamwagizaje?

Heshima ya umri na mamlaka ya kazi havigombani kama usipovichanganya. Shikamoo yako ya asubuhi iendelee, mbele ya watu, kama kawaida. Msimamizi anayeacha kumwamkia mzee kwa sababu amepanda cheo hujenga maadui tisa kwa mara moja. Ukimaliza kuamkia, agizo la kazi liwe wazi kama la mtu mwingine yeyote. Kosa ni kulizungusha agizo hadi mzee asijue kama umemwomba, umemshauri au umemwagiza.

Mfano: kadi za stoo zinajazwa jioni kwa kukumbuka, badala ya pale mzigo unapotoka. Usiseme, "Mzee, sijui kama itawezekana, labda siku ukipata nafasi..." Sema hivi, mkiwa wawili:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, nimepitia kadi za wiki hii. Jumanne tumepishana kreti sita, na nadhani ni kwa sababu tunajaza jioni. Kuanzia kesho naomba kila mzigo ukitoka uandikwe pale pale, kabla gari halijafika getini. Kuna kitu kitakachokuzuia?"

"Hawa vijana wananikimbiza. Gari likishapakiwa wanataka kutoka."

"Basi nitawaambia mlinzi na madereva kwamba gari halitoki bila sahihi yako. Hilo ni langu. La kuandika ni lako mzee."

Tazama kilichotokea: umemwagiza, lakini umemuuliza kinachomzuia, na ukabeba sehemu yako. Sahihi yake sasa ina nguvu kuliko jana. Wazee wengi wanaoitwa wabishi makazini wanabishia kuvuliwa nguo mbele ya vijana. Kazi yenyewe hawana ugomvi nayo.

Akikataa waziwazi? Rudia mara ya pili, bado mkiwa wawili, na utaje kwamba hilo ni la kazi. Ikifika ya tatu linahamia hatua ya 8, na umri hauliondoi.

Hatua ya 5: Gawa kazi yenye mwisho

"Hilo liangalieni" si agizo. "Mshughulikie fasta" si agizo. Agizo lina nini, nani, lini, kiwango gani, na aulize wapi akikwama. Linganisha: "Panga ghala vizuri," na hili: "Wewe na mwenzako, mpaka Alhamisi saa kumi, mzigo wa zamani uwe mbele na mpya nyuma, njia ya toroli ibaki wazi. Mkikuta chupa zimepasuka msizitupe kabla mzee hajaziandika."

Watu wataitikia "nimekuelewa bosi" hata kama hawajaelewa, kwa sababu kuuliza mara mbili kunaonekana ujinga. Usimwambie mtu mzima arudie maneno yako kama mtoto wa chekechea. Muulize, "Utaanza na lipi?" Jibu lake litakuonyesha kama picha iliyo kichwani mwake ndiyo iliyo kichwani mwako.

Tatizo kubwa la hatua hii ni wewe. Ulipandishwa kwa kuwa unafanya haraka na vizuri, kwa hiyo ukimuona kijana anapanga kreti polepole mikono inakuwasha. Unamnyang'anya, unapanga, anakutazama. Kesho atakusubiri upange tena. Mwezi wa pili unaondoka kazini saa mbili usiku huku timu imeshafika nyumbani saa kumi na moja, na unalalamika kwamba watu hawajitumi. Wamejituma wapi na kazi umeishika wewe? Mtu akiifanya kazi kwa asilimia themanini ya uwezo wako, iache kwake, na hiyo iliyobaki mfundishe siku ambayo hakuna haraka.

Hatua ya 6: Urafiki, mikopo, michango na grupu la WhatsApp

Hapa nitakaa kidogo.

Marafiki kwanza. Huhitaji kuwakimbia, lakini kuna vitu vitatu vinabadilika na uwaambie mapema. Mazungumzo kuhusu wenzenu mliyokuwa mkiyafanya mkila mchana, wewe huyafanyi tena. Siri za ofisi unazozisikia sasa hutazileta mezani. Na rafiki akichelewa, ataulizwa kama mwingine. Rafiki wa kweli atakutania wiki nzima kisha atazoea. Kama mlikuwa mnarudi na daladala moja, endeleeni; ila jihadhari usimpe yeye zamu nzuri mara tatu mfululizo, maana wenzake wanahesabu hata kama wewe huhesabu.

Pesa. Siku chache baada ya barua, mtu atakuja na shida: kodi, ada, mgonjwa. Wanadhani mshahara wako umekuwa mara mbili. Ukikopesha unakuwa mdai na msimamizi wa mtu huyo huyo, na siku utakapompa onyo atasema ni kwa ajili ya deni. Kukopa kwao ni vibaya zaidi. Elekeza watu kwenye SACCOS ya kazini au utaratibu wa kampuni wa mkopo wa mshahara, kama upo, na uufuatilie kwa bidii ili usionekane umemfukuza mtu. Ukishindwa kabisa kukataa, toa kidogo kama msaada, usahau, na usimwambie mtu.

Michango ya harusi na misiba ni kitu kingine, hiyo usijitoe. Lakini usiwe mwekahazina. Bosi anayekusanya mchango hakusanyi mchango, anatoza kodi, hata akitabasamu. Kijana wa kupakia anayelipwa kima cha chini hawezi kukukatalia elfu kumi ya sendofu ya binti wa mkurugenzi. Mwache mtu mwingine asimamie, na kiwango kiwe cha hiari kwelikweli. Kadhalika upatu wa idara: cheza kama mwanachama, usishike daftari.

Na grupu. Karibu kila idara ina magrupu mawili, moja ulimo na jingine ambalo hukuongezwa. Usitafute la pili. Watu wanahitaji mahali pa kukusema, na nawe ulikuwa na lako. Kwenye lile ulimo, weka sheria chache: ratiba, dharura na taarifa tu, baada ya saa za kazi hakuna anayelazimika kujibu isipokuwa aliye zamu, hakuna kumkosoa mtu humo. Ya mwisho inakuhusu wewe kuliko wao. Picha ya mzigo uliopangwa ovyo, ikiwekwa grupuni saa tatu usiku na maneno "hii ni kazi ya nani???", inasomwa na mke wa aliyepanga.

Hatua ya 7: Kukosoa likiwa bado dogo

Utaratibu ni huu. Mkiwa wawili, siku ile ile au kesho yake. Taja ulichokiona kwa tarehe na saa, bila kutaja tabia. Taja kilichosababishwa. Uliza. Kubalianeni kitakachofanyika na lini mtalitazama tena. Andika mistari miwili kwenye daftari lako.

"Jumatatu umefika saa moja na nusu, leo saa moja na dakika arobaini. Zamu inaanza saa moja. Wenzako wawili wamepakia gari la kwanza peke yao. Kuna nini?" Hapo nyamaza. Labda kuna mtoto anayepelekwa kliniki, labda amehamia Chanika na usafiri umembadilikia, labda ni uvivu. Kila moja ina dawa yake, na hutajua ukianza na "wewe siku hizi umekuwa mzembe." Neno "mzembe" linamlazimisha mtu ajitetee yeye mzima, saa moja na dakika arobaini haina utetezi.

Sifa nazo zina kanuni: zitaje kwa kitu mahususi na, tofauti na lawama, mbele ya watu. "Hongereni" ya jumla kila Ijumaa haina ladha. "Jana utingo aligundua kwamba invoisi ya Temeke ina kreti kumi zaidi kabla gari halijatoka" ina ladha, na inawafundisha wengine nini kinathaminiwa.

Anayedhani lugha ya bosi ni jambo dogo asome historia yetu. Mwaka 1971 TANU ilitoa waraka uitwao Mwongozo, ambao ulipiga marufuku majivuno, dharau na ukandamizaji kwa kiongozi. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na migomo mingi haikuwa ya mishahara. Ilikuwa juu ya mameneja waliotukana na kudharau watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe.

Kuhusu ugomvi wa watu wawili: kabla ya kusuluhisha watu, tazama utaratibu. Kwenye usambazaji ugomvi mkuu ni kati ya stoo na dereva. Duka linapokea kreti 48, invoisi inasema 50, stoo inaapa ilitoa 50, dereva anaapa hakugusa. Kila wiki mnatafuta mwizi. Ukichunguza unakuta anayehesabu ni mmoja, na dereva anasaini akiwa kwenye usukani. Badilisha: stoo na utingo wahesabu pamoja kwa safu, kreti za chupa 24 zipangwe kwa idadi inayolingana kila safu, wote wawili wasaini kabla turubai halijafungwa, na kreti tupu zinazorudi zihesabiwe vivyo hivyo. Ugomvi mwingi utaisha bila kikao. Uliobaki, baada ya hapo, ni wa watu kweli: msikilize kila mmoja peke yake, kisha waweke pamoja, na mkubaliane juu ya kazi. Si lazima wapendane.

Hatua ya 8: Saa, likizo, na jambo likifika rasmi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina tarakimu ambazo msimamizi anapaswa kuzijua bila kufungua kitabu. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na siku za kazi hazizidi 6 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuna mapumziko ya saa 12, na kila wiki saa 24. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku.

Msimamizi mpya huvunja hizi bila nia mbaya. Desemba mizigo imejaa, unamwomba dereva arudi saa sita usiku na aripoti saa kumi na moja alfajiri. Anakubali kwa sababu ni wewe. Akipata ajali njiani Kibaha, ratiba uliyoiandika wewe ndiyo itakayosomwa. Panga zamu ukiwa na kalenda ya likizo ya mwaka mzima mbele yako; hapo utaona mapema kwamba madereva wote wawili wameomba Desemba.

Misiba haina kalenda. Ruhusu haraka, uliza maswali baadaye, na pitia msibani mwenyewe au mtume mtu na rambirambi. Ila uwe na kipimo kimoja kwa wote, maana wapo wanaofiwa na bibi yule yule kila mwaka.

Na pale ambapo maneno yameshindikana, tofautisha mambo mawili. Anayeshindwa kazi anahitaji kuelekezwa, kufundishwa na kupewa muda wa kujirekebisha, yote yakiandikwa. Mtovu wa nidhamu, kama vile wizi, ulevi kazini au kukataa agizo halali, ana njia nyingine: uchunguzi, tuhuma kwa maandishi, kisha kikao cha nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake.

Sehemu yako katika hayo ni ndogo na nzito. Leta kumbukumbu: tarehe, ulichokiona, ulichosema, mlichokubaliana. Lile daftari la mistari miwili linaonekana thamani yake hapa. Kisha mpe afisa rasilimali watu, usijifanye hakimu. Maneno "kesho usije" yaliyotamkwa kwa hasira getini yanatosha kuipeleka kampuni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako mfanyakazi ana siku 30 za kulalamikia kuachishwa. Huko hawatauliza tu kama aliiba. Watauliza pia utaratibu ulifuatwa vipi. Nimeona kampuni ikiwa na ushahidi wote wa wizi na bado ikalipa, kwa sababu kikao hakikufanyika.

Hatua ya 9: Bosi wako

Hili ni fupi. Habari mbaya ifike kwake kutoka kwako, kabla haijafika kutoka kwa mlinzi. Ipeleke na pendekezo moja. Timu ikikosea, sema "tumechelewa", usitaje jina mpaka uulizwe. Ikifanya vizuri, taja majina. Na akimwagiza dereva wako moja kwa moja bila kukupitia, usinyamaze mpaka mara ya tano, mwambie mara ya kwanza, kwa adabu: "Mkurugenzi, leo dereva alipokea maagizo mawili akashindwa lipi aanze. Naomba yapitie kwangu, nitakuthibitishia ndani ya dakika kumi."

Hatua ya 10: Mwisho wa mwezi wa tatu, omba siku mbili

Usisubiri tathmini ya kampuni. Chukua likizo ya siku mbili za kazi, Jumanne na Jumatano ambazo mizigo ni ya kawaida, na mwachie kazi mtu mmoja kwa maandishi. Utakapokuwa unaandika makabidhiano hayo utagundua ni vitu gani bado vimo kichwani mwako tu: nani anapigiwa simu friji ya duka la Ubungo ikiharibika, vibali vya geti viko droo gani, mteja gani hapokei mzigo baada ya saa sita.

Simu ibaki hewani kwa dharura pekee. Hesabu walizokupigia na za nini. Wakipiga kuomba ruhusa ya mambo waliyoweza kuamua, rudi hatua ya 5. Wasipopiga kabisa na ukakuta uharibifu uliofichwa, rudi hatua ya 7, kwa sababu wanaogopa kukuambia. Wakipiga mara moja juu ya jambo zito na mengine yakaenda, muulize uliyemwachia alipata shida wapi, ongeza hayo kwenye karatasi ya makabidhiano, na mwezi ujao mwachie mwingine.